Aliyeokoka Bado Anapigana

Mwandishi aliyedai kwamba aliyeokoka kweli hapambani tena na dhambi amewatwisha waumini mzigo usiotoka kwa Kristo. Najua pambano la Paulo na dhambi katika Warumi 7 atasema ni la kabla ya wokovu. Basi na amsome Augustino. Karibu mwaka 400, akiwa tayari askofu wa Hippo, aliandika Maungamo. Katika kitabu cha 10 hazungumzii tena ujana wake, anaungama majaribu ya wakati uleule, likiwamo la kupenda kusifiwa. Aliona hata anayedharau sifa anaweza kujivunia dharau hiyo. Kiburi kina hila hivyo! Muumini akiambiwa vita vimekwisha, hatapona. Ataacha kuungama, na ubinafsi wake atauita bidii ya huduma.