Miguu inayowaka usiku

Mgonjwa wa kisukari wa Muleba ambaye hata shuka likigusa nyayo hapati usingizi anastahili kuambiwa wazi: seli shina kwa maumivu ya neva bado zinafanyiwa utafiti.

Mkanganyiko unaeleweka. Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, imepandikiza uloto kwa watoto wenye selimundu, na hizo ni seli shina kweli. Ila kazi yake ni kutengeneza damu. Watafiti wa neva wanatafuta kingine: seli zitakazotoa kemikali za kulisha neva na vijishipa vya damu vilivyoharibiwa na sukari. Mtu asiuze kibanja cha migomba kwa sababu ya sindano ya seli shina iliyoahidiwa redioni.

Zipo dawa za leo. Amitriptilini, ya bei nafuu, huwapunguzia baadhi ya wagonjwa moto huo. Wengine hupewa gabapentini.

Linalotisha zaidi ni ganzi. Mkulima wa Kamachumu hukanyaga kisiki cha mbuni asubuhi, akagundua jeraha jioni anaponawa miguu, na kidonda cha namna hiyo ndicho huweza kusababisha mguu kukatwa. Uzi wa nailoni wenye mkandamizo wa gramu 10, ukigusishwa kwenye wayo, huonyesha mapema palipokufa ganzi. Mradi wa Step by Step, ambao Dk. Zulfiqarali Abbas wa Dar es Salaam alikuwa miongoni mwa viongozi wake, uliwafundisha madaktari na wauguzi nchini kutunza miguu ya wagonjwa wa kisukari. Kliniki za kisukari kuanzia Bukoba mjini hadi Rubya na Ndolage ziupate uzi huo, na kila mgonjwa avuliwe viatu akaguliwe.