MGENI NJOO, MWENYEJI APONE?

Mimi ni mtoto wa mvuvi, kwetu ni Msambweni. Mwaka jana mwalimu alimuuliza kila mmoja wetu angependa kuwa nani maishani. Nikasema, "Mhandisi wa roketi." Darasa zima likaangua kicheko. Rafiki yangu mmoja akadakia, "We! Babako ana ngalawa, wewe wataka roketi?" Siku ile nilinyamaza. Leo najibu.

Jamani, roketi si kitu kigeni Pwani hii yetu. Huko Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, Waitaliano walisimamisha jukwaa baharini katika miaka ya sitini. Kati ya 1967 na 1988, setilaiti 9 zilirushwa kutoka pale. Walipachagua kwa sababu pako karibu na ikweta. Dunia inapozunguka, ikweta ndiyo iendayo mbio zaidi, kwa hivyo roketi inayoelekea mashariki hupata msukumo wa bure, kama dau lililopata upepo mzuri. Setilaiti moja ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970, siku ya kuadhimisha uhuru wetu, nayo ikaitwa Uhuru. Hiyo ndiyo iliyokuwa ya kwanza duniani kuundwa mahsusi kwa kuchunguza miali ya eksirei itokayo angani. Jina letu, bahari yetu. Lakini roketi ilikuwa ya Marekani na jukwaa la Waitaliano. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Nauliza: mwenyeji alipona?

Sisemi serikali imelala, la. Mwaka wa 2017 iliunda Shirika la Anga za Juu la Kenya. Tarehe 15 Aprili 2023, setilaiti yetu Taifa-1 ilirushwa kutoka California. Iliundwa na wahandisi Wakenya wakishirikiana na kampuni ya Bulgaria, na ilisemekana kugharimu shilingi milioni 50 hivi. Hiyo ni mbegu, na mbegu ni kitu chema. Swali ni itapandwa wapi.

Wako watakaosema, "Kinango watu wanalilia maji, na nyinyi mwapeleka pesa mawinguni!" Hoja hiyo ni nzito. Nyanya yangu analima huko Kinango, na si mara moja mahindi yake yamekauka yakiwa hayajafika magotini. Lakini hebu tufikiri. Setilaiti ndiyo inayoona mawingu ya mvua yakijikusanya na malisho yakinyauka. Ndiyo inayoonyesha mikoko inakatwa wapi. Ndiyo inayosaidia kutabiri upepo mkali kabla babangu hajavuka mwamba msimu wa kusi. Basi mwenye njaa ndiye anayeihitaji zaidi kuliko tajiri. Tukingoja wengine watuangalizie, tutaambiwa wanapopenda wao.

Maoni yangu ni haya. Kwanza, fedha za kuanzishia utafiti huu zisikomee Nairobi. Vyuo vyetu vya Kilifi na Mombasa navyo vipewe fungu lao. Pili, fungu jingine literemke hadi maabara za shule za upili, Kwale ikiwemo. Mhandisi haanzii chuoni. Huanzia shule ya upili, na sisi hapa twagombania mizani moja wanafunzi kumi! Tatu, hesabu zisomwe hadharani kila mwaka, kwa maana mbegu ikiliwa ghalani haioti.

Na wewe rafiki yangu uliyenicheka, sina kinyongo nawe. Babangu alijifunza bahari kwa sababu babake alimpa kasia mkononi angali mdogo, akamwambia, "Haya, piga." Hakumwambia akae ufuoni atazame wageni wakipita. Chombo hakiendi ila kwa nyenzo. Enyi wakubwa, tupeni nyenzo, nasi tutapiga kasia.