Mawe Yanayokumbuka Mahali Pake



Juma hili twawaalika tusafiri kwa fikra hadi Bateshwar, wilayani Morena, katika jimbo la Madhya Pradesh nchini India. Huko mashambani, kati ya karne ya 8 na ya 10, enzi za watawala wa Gurjara-Pratihara, yalijengwa mahekalu ya Kihindu yapatayo 200. Kufikia mwanzo wa karne hii karibu yote yalikuwa vifusi, miti imeota katikati yake.

Mengi ni madogo: chumba kimoja chenye giza, mlango mmoja, na juu yake mnara. Mnara huo hupanda kwa safu za mawe, kila safu ikiingia ndani kidogo kuliko ile ya chini, hata kileleni likaketi jiwe la duara lenye mbavu mfano wa boga. Jiwe hukaa juu ya jiwe kwa kuchongwa sawasawa na kwa uzito wake. Sisi wajenzi wa siku hizi twapiga lipu kuficha kombo. Fundi wa Bateshwar hakuwa na pa kufichia. Kwa sababu hiyo hiyo jiwe lililoanguka laweza kutambuliwa: umbo lake lasema lilitoka safu ipi.

Mwaka 2005 Idara ya Mambo ya Kale ya India ilianza kuyasimamisha upya, kazi ikiongozwa na K. K. Muhammed, mwanaakiolojia Mwislamu. Walipanga vipande kama mtu aunganishaye chungu kilichovunjika, na mahekalu zaidi ya 60 yakainuka tena kwa mawe yake ya kale.

Hapo pana jambo linalotusumbua moyo. Mabonde ya mto Chambal yalikuwa maficho ya majambazi, na hofu yao iliwazuia wachimba mawe. Jambazi mashuhuri Nirbhay Gujjar alipouawa na polisi mwaka huo huo wa 2005, wachimbaji walirudi na baruti zao, na milipuko ikatikisa mahekalu yaliyokwisha kusimamishwa. Ndiyo kusema, jambazi aliyalinda kuliko mfanyabiashara! Muhammed alilazimika kupaza sauti hadi kwa wakubwa ili uchimbaji uzuiwe.

Wapo watakaotuuliza, yatuhusu nini mahekalu ya dini nyingine? Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko *Nostra Aetate* la mwaka 1965, uliutaja Uhindu kwa jina na kututaka tuyaheshimu yaliyo ya kweli na matakatifu ndani yake. Basi twasema wazi: kupasua kilima kinachoshikilia kazi ya miaka 1,000 ili kupata kokoto ni wizi, hata mwenye kupasua akiwa na kibali mkononi. Na fedha zitumikazo kuokota kipande kimoja kimoja hazipotei. Mengi ya mahekalu hayo bado ni marundo, yangojea mtu wa kuyasoma.