Gari la Zamani na Maneno ya Anayeliuza

Land Rover au Land Cruiser yenye umri wa miaka arobaini inayoendelea kupanda Kamachumu na kushuka hadi Kemondo, mkoani Kagera, ni nadra kuwa na vifaa vyote ilivyotoka navyo kiwandani. Injini ilikufa ikafungwa nyingine, giaboksi ilitoka kwenye gari lililogongwa, bodi ilikatwa na kuchomelewa upya ili ibebe ndizi, kahawa au abiria. Mabadiliko hayo si dosari. Mengi ni kazi ya mafundi hodari, na bila wao magari hayo yangekuwa chuma chakavu siku nyingi. Dosari huanza pale muuzaji au dalali anapolieleza gari kana kwamba halijaguswa, au anapotaja yanayopandisha bei na kunyamazia yanayoishusha.

Maneno ya mauzo ni ya aina mbili: yanayoweza kukaguliwa na yasiyoweza. "Halidai kitu", "limetunzwa", "injini haijafunguliwa" na "lilikuwa gari la misheni" ni sifa tupu mpaka ziletewe ushahidi. Gari kuwa la misheni ya Rubya au la chama cha ushirika cha kahawa kunawezekana kabisa, kwa kuwa magari ya aina hiyo yalitumika sana Kagera. Lakini ukweli wake uko kwenye hati za umiliki, hauko mdomoni mwa dalali. Linganisha na maelezo kama haya: "Injini si yake ya asili. Ni 1HZ ya mtumba, imefungwa Mwanza, fundi yupo, na kadi imesharekebishwa." Hapo kila kauli inafuatilika. Muuzaji anayesema hivyo amejifunga kwa maneno yake, na ndiyo alama kubwa ya uaminifu.

Kwa Toyota, kazi ya kukagua ni nyepesi kuliko wengi wanavyodhani. Herufi za modeli hutaja injini ambayo gari lilizaliwa nayo. BJ42 ilitoka na injini ya 3B, dizeli ya silinda nne yenye ujazo wa lita 3.4. HZJ75 ilitoka na 1HZ ya silinda sita, lita 4.2, isiyo na tabo. Basi mnunuzi afungue boneti, atafute pampu ya dizeli na kuhesabu mabomba membamba yanayotoka humo kwenda kwenye nozeli. Yakiwa sita wakati kibati cha modeli kinasema BJ42, injini imebadilishwa, hata muuzaji aape vipi. Na 1HZ ikikutwa na tabo, tabo hiyo imeongezwa baadaye. Anayeitangaza kama fahari aeleze pia ilifungwa na nani, na kama pampu ilirekebishwa ipasavyo, kwa sababu tabo iliyofungwa ovyo huunguza pistoni.

Land Rover inahitaji jicho kali zaidi. Vipande vingi vya bodi yake ni vya aluminiamu, lakini chesisi na ukuta ulio kati ya injini na dereva ni vya chuma. Bukoba hupata mvua ya takribani milimita 2,000 kwa mwaka. Hivyo gari linaweza kung'aa mlangoni huku chesisi ikiwa imeliwa na kutu, ikapigwa rangi nyeusi nzito na kuitwa "imefanyiwa huduma". Gari lipandishwe kwa jeki, chesisi igongwe kwa nyundo ndogo, hasa karibu na mahali springi zinaposhikwa. Chuma kizima hulia. Kilichooza hutoa sauti butu, na rangi hubanduka pamoja na magamba ya kutu.

Jina nalo lichunguzwe. Jina Defender lilianza kutumika mwaka 1990. Gari la 1986 ni One Ten au Ninety, hata kama mtaani yote huitwa Defender. Kosa hilo mara nyingi ni mazoea tu. Si mazoea tena pale Series III ya 1978 inapovalishwa boneti na grili za Defender na kuuzwa kwa bei ya Defender. Herufi ya namba ya usajili haisaidii hapa, maana huonyesha gari liliandikishwa lini, si lilitengenezwa lini.

Uzito wa kila badiliko haulingani. Uingereza, kwa miaka mingi, mamlaka ya usajili wa magari ilitumia mfumo wa alama kwa magari yaliyobadilishwa sana: chesisi alama 5, springi, ekseli, giaboksi na usukani alama 2 kila kimoja, injini alama 1 tu. Gari lililokosa alama 8 halikuruhusiwa kubaki na utambulisho wake wa zamani. Mpangilio huo una hekima. Injini iliyobadilishwa na kutajwa ni jambo dogo; chesisi iliyobadilishwa kimyakimya ni gari jingine kabisa.

Tanzania, kadi ya usajili huonyesha namba ya chesisi, namba ya injini, ujazo wa injini na mwaka wa kutengenezwa. Namba zote mbili zisomwe kwenye chuma chenyewe, zisisomwe kwenye picha ya simu. Badiliko la injini linapaswa kuandikishwa Mamlaka ya Mapato (TRA). Kauli ya "kadi tutarekebisha baadaye" humwachia mnunuzi usumbufu wote. Gari lililoingilia mpaka wa Mutukula liwe na hati za ushuru.

Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inataka bidhaa iliyouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo hayo. Lakini katika suala la ubora haimkingi aliyeikagua dhidi ya kasoro ambayo ukaguzi wake ulipaswa kuifichua. Kwa hiyo, kabla ya kutoa hata shilingi ya utangulizi, mnunuzi amtake muuzaji aandike kwenye mkataba wa mauziano kila badiliko analolijua, pamoja na namba ya chesisi na ya injini, kisha atie saini. Akikataa, mnunuzi arudi na fedha zake nyumbani.