Michoro ya Wanafunzi Isiozee Kabatini

Kila mwaka wa masomo unapomalizika, vijana wetu wanaosomea usanifu wa majengo, Dar es Salaam na kwengineko, hutundika ukutani michoro yao ya mwisho. Walimu hupita wakaitazama, wakauliza maswali mawili matatu, wakatoa alama. Baada ya hapo michoro hukunjwa ikatiwa kabatini, na kijana akaenda kutafuta kazi. Skuli aliyoichora haijengwi, wala soko alilolichora. Na sisi huku visiwani twajenga skuli na masoko kwa ramani ambazo mara nyingi hazikuwaza kaskazi wala kusi, wala chumvi ya bahari, wala namna watu wetu wanavyokaa.

Sisi tuliopitia chuoni kabla ya kuingia skuli tunaukumbuka ubao. Uliandika, ukasoma, ukafuta kwa maji, ukaandika tena. Lakini siku ya kuhitimu ulikaa mbele ya wazee na majirani ukasoma kwa sauti, na kila mwenye sikio akatambua kama umejua au hukujua. Mwanafunzi wa usanifu siku hiyo haimfikii. Miaka yote amefuta na kuandika, na waliomsikiliza ni walimu wake peke yao.

Tunajua yatakayosemwa katika baadhi ya ofisi: kwamba michoro ya wanafunzi ni mazoezi tu, na fedha za wananchi si za kufanyia mazoezi. Tunawaomba wenye hoja hiyo waitazame Gando.

Gando ni kijiji cha Burkina Faso. Diébédo Francis Kéré alizaliwa hapo mwaka 1965, wakati kijiji hakina skuli, na ilimlazimu kuondoka kwao akiwa mtoto mdogo ili apate kusoma. Baadaye alipata nafasi ya kwenda Ujerumani kujifunza useremala, kisha akaingia Chuo Kikuu cha Ufundi cha Berlin kusomea usanifu. Hakungoja shahada. Mwaka 1998 yeye na wenziwe waliunda chama cha kukusanya fedha, na mwaka 2001 skuli ya msingi ya Gando ilikuwa imesimama. Shahada yake aliipata mwaka 2004, na mwaka huo huo skuli ile ilipewa Tuzo ya Aga Khan ya usanifu. Mwaka 2022 akawa Mwafrika wa kwanza kupata tuzo ya Pritzker, ambayo katika fani hiyo ndiyo kubwa kuliko zote.

Tuzo hizo tunazitaja kwa kuwa wapo wasioamini jambo mpaka lipewe nishani ng'ambo. Kwetu sisi la kujifunza limo katika ukuta na paa la skuli yenyewe. Wanakijiji walitaka jengo la kisasa, nao udongo waliudharau, maana waliona jinsi mvua inavyobomoa nyumba zao kila msimu. Kijana yule alikwenda kwao na michoro, akawaeleza, akajenga kwa majaribio mbele ya macho yao. Udongo ulichanganywa na saruji kidogo ukashindiliwa kuwa matofali. Paa la bati, ambalo likikaa juu ya vichwa vya watoto huwa kama tanuri, alilinyanyua juu ya dari kwa fremu za nondo, upepo ukapita katikati na kuichukua joto. Kingo za bati alizitoa nje mbali, kuta zisipigwe na mvua. Nondo zenyewe zilikatwa kwa msumeno wa mkono na kuungwa kwa mashine ndogo ya kuchomelea, kazi ambayo vijana wa kijijini waliweza kufundishwa. Watu wa Gando walijenga kwa mikono yao, na ufundi ukabaki kwao.

Isije mtu akafahamu kwamba tunataka matofali ya Gando yaletwe Pemba. Kule hewa ni kavu. Kwetu ina unyevu, na jua likizama ukuta mnene hautupi nafuu kama dirisha linalotazamana na dirisha. Kuiga Gando bila ya kufikiri ni kosa lile lile la kuiga vioo vya Dubai. Kinachofaa kuigwa ni maswali aliyojiuliza: watu hawa wana nini mkononi, jua linapiga wapi, nani atalitengeneza jengo hili litakapoharibika? Siku hizi vyuoni mambo hayo huitwa umbo, mazingira na uendelevu. Wazee wetu hawakuwa na maneno hayo, lakini nyumba za Mji Mkongwe zinaonesha kwamba maarifa walikuwa nayo. Upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti ya mkoko. Ukuta ulikuwa wa mawe ya matumbawe na chokaa iliyochomwa hapa hapa. Baraza ilikuwa ya mwenye nyumba na ya mpita njia pia.

Maarifa hayo yanatuponyoka. Ukuta wa chokaa ukipakwa saruji, maji hufungwa ndani na chumvi ikala jiwe. Hata hivyo twaona mafundi wakipaka saruji kila siku, kwani hakuna aliyewafundisha vingine. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al Ajaib, jengo la mwaka 1883, iliporomoka matengenezo yakiwa yanaendelea, na watu wawili wakapoteza maisha. Hatutoi hukumu juu ya sababu zake. Twauliza tu: ni vijana wangapi wa visiwa hivi wanaokijua chokaa kama wanavyoijua kompyuta?

Na gharama nazo zipo. Saruji yetu huja kwa meli. Mchanga unachimbwa nchi kavu, na mashimo yake yamemeza ardhi ya kilimo. Ukichotwa pwani bila ya kuoshwa, chumvi yake hula nondo ndani ya zege. Boriti nazo si za kukatwa ovyo, maana mikoko ndiyo inayoilinda pwani. Mwanafunzi anayetafuta mtihani mgumu wa usanifu asiende mbali. Achore skuli ya vyumba vitatu Kojani au Tumbatu, ambako kila mfuko wa saruji lazima uvuke maji mara nyengine tena.

Majumba ya Michenzani, yaliyoanza kujengwa baada ya Mapinduzi ya 1964 kwa msaada wa Ujerumani ya Mashariki, yalikuwa na nia ambayo sisi hatutachoka kuitetea: mkulima na mchukuzi naye akae katika nyumba ya maana. Lakini ni haki kusema kwamba baraza haikupanda ngazi. Watu waliishusha chini, wakaikalia pale walipopata kivuli. Laiti wachoraji wale wangekaa nasi mwezi mmoja kabla ya kushika kalamu.

Basi twapendekeza hivi kwa Serikali yetu. Kila mwaka wizara moja iteue jengo moja dogo ambalo fedha yake imekwishapangwa, iwe skuli, kituo cha afya au banda la mnada wa samaki, na wanafunzi wetu wapewe kulichora. Wakae mahali penyewe wiki mbili, walale kwa wenyeji, wapime upepo na jua. Msanifu aliyesajiliwa awasimamie na atie saini yake, ili pasiwe na shaka ya nani anawajibika jengo likipata ufa. Michoro itundikwe katika shehia husika, si chuoni peke yake, na sheha awaite wazee, akina mama, walimu na mafundi waje kuitazama na kuuliza. Na pembeni mwa kila mchoro iandikwe kwa Kiswahili, si kwa lugha ya wataalamu, hesabu ya mifuko ya saruji, gari za mchanga na nondo zitakazohitajika, mjumbe wa kamati ya skuli aweze kuusoma na kuukataa.