Keria ya Pikipiki: Nani Anunue, na Anunue Ipi?



Katika kurasa hizi tumezoea kuzungumza mambo ya mshahara, saa za kazi na likizo. Leo nataka kusema juu ya kitu cha chuma ambacho wengi wetu hawakihesabu kuwa ni neno la chama. Kitu hicho ni keria ya pikipiki. Najua wako watakaocheka na kusema, "Keria ni shauri la fundi, si shauri la chama." Nawaomba wasome kwanza, kisha wacheke.

Sisi tunatumia pikipiki kupeleka mikate, maziwa, mitungi ya gesi, magunia ya viazi, saruji, magazeti na vifurushi vya kila namna. Lakini pikipiki nyingi hutoka dukani zikiwa na keria ndogo tu, au vyuma vya abiria kushikilia, ambavyo havikutengenezwa kwa mzigo wa namna hiyo. Basi mfanya kazi akikabidhiwa pikipiki, neno la kwanza analoambiwa ni, "Tafuta keria." Aitafute wapi? Achague ipi? Na kwa pesa za nani?

Maoni yangu ni haya. Keria ni chombo cha kazi sawasawa na breki na taa. Aliyeajiriwa hapaswi kuinunua kwa mshahara wake, na mwenye pikipiki yake mwenyewe asiende kuinunua peke yake kama kipofu. Na sote tusikubali kupakia mzigo juu ya chuma ambacho hakiwezi kuubeba, hata nyapara akipiga kelele namna gani.

UZITO HAUDANGANYIKI

Kwanza tufahamu mzigo unafanya nini. Chukua pikipiki ambayo toka ekseli ya mbele hadi ekseli ya nyuma ni sentimita 125. Weka juu ya keria mzigo wa kilo 50, na katikati ya mzigo huo iwe sentimita 30 nyuma ya ekseli ya nyuma. Zidisha 50 kwa 30, kisha gawanya kwa 125. Utapata 12. Maana yake ni kwamba gurudumu la mbele limepunguziwa kilo 12, na gurudumu la nyuma limeongezewa kilo 62, ingawa mzigo wenyewe ni kilo 50 tu.

Ndiyo sababu pikipiki iliyopakiwa nyuma sana hutikisika usukani, hukataa kukata kona, na ikipanda mlima gurudumu la mbele hutaka kuinuka. Breki ya mbele nayo hupungua nguvu, kwa sababu gurudumu halikamati barabara vizuri. Dereva akianguka, watu husema alikuwa mbio. Hakuna anayeuliza keria ilikuwa ndefu kiasi gani.

Kwa hiyo keria ndefu si keria bora. Keria bora ni ile inayoweka mzigo karibu na mgongo wa dereva na karibu na ardhi. Kila kinachokwenda nyuma na juu kiwe chepesi. Tena, kitabu kinachokuja na pikipiki huandika uzito wa juu unaoruhusiwa, yaani dereva, abiria na mzigo pamoja. Toa uzito wako mwenyewe, na kinachobaki ndicho chako cha kupakia. Dumu la maji la lita 20 ni kilo 20 kabla hujahesabu dumu lenyewe. Mfuko wa saruji ni kilo 50. Hesabu hiyo haihitaji mtu aliyesoma sana.

MAMBO YA KUTAZAMA KABLA YA KUTOA PESA

Keria hupatikana kwa njia mbili. Iko ya maduka ya vipuri, kama yale ya Barabara ya Kirinyaga mjini Nairobi, na iko ya mafundi wa jua kali, kama wale wa Kamukunji. Kila mji wetu una maduka na mafundi wake. Ile ya dukani huwa safi na matundu yake hukubaliana na bolti za pikipiki, lakini mara nyingi ni ya mzigo mwepesi. Ile ya fundi yaweza kuwa na nguvu zaidi, lakini uzuri wake ni uzuri wa fundi mwenyewe. Ukienda kwa yeyote kati ya hawa, tazama mambo haya.

La kwanza, inafungwa mahali pangapi. Keria ya kazi ishikwe mahali pane kwa uchache: pawili nyuma ya kiti, na pawili chini, karibu na bolti za juu za springi za nyuma. Keria iliyoshikwa na bolti mbili tu nyuma ya kiti huning'inia kama tawi la mti, na kila shimo la barabara hulivuta tawi hilo mpaka likatike.

La pili, unene wa chuma. Mabomba ya mraba huuzwa kwa geji, na hapa wengi hudanganywa, kwa sababu namba ikiwa kubwa chuma huwa chembamba. Geji 16 ni kama milimita 1.6, na geji 18 ni kama milimita 1.2. Fundi akikuambia, "Nimekuwekea 18, ni kubwa kuliko 16," ujue amekupunguzia.

La tatu, machomeleo. Kiungo kizuri kimechomelewa kukizunguka chote, bila matundu na bila nyufa. Kiungo kibaya kimeguswa mahali pawili au patatu tu, kisha rangi ikapakwa juu yake. Rangi hufunika aibu nyingi. Kwa hiyo mwambie fundi tangu mwanzo, "Nitaiona kabla ya rangi." Akikataa, nenda kwa mwingine.

La nne, usikubali keria ichomelewe moja kwa moja kwenye fremu ya pikipiki. Moto wa kuchomelea hudhoofisha chuma cha fremu, na ufa huanza kando ya pale palipochomwa. Keria ikikatika unanunua nyingine. Fremu ikikatika umepoteza pikipiki, na pengine mguu pia. Keria ifungwe kwa bolti.

La tano, bolti zenyewe. Chagua zenye alama ya 8.8 kichwani, pamoja na washa za springi au nati zenye plastiki ndani, zisije zikalegea kwa mtikisiko. Zikaze tena baada ya siku ya kwanza ya kubeba mzigo, kisha kila juma. Kazi hiyo ni ya dakika 5.

La sita, keria isizibe taa ya nyuma, taa za kuonyesha upande wala namba ya pikipiki, na mzigo usiguse bomba la moshi. Mipira ya kufungia nayo ncha zake zisining'inie karibu na gurudumu au mnyororo.

Na kama unanunua kwa kutazama picha katika simu, usitume pesa kwa uzuri wa picha. Keria ya Boxer haikubali TVS kwa sababu tu zote mbili ni pikipiki. Pima kwanza umbali wa matundu ya bolti zako, umpelekee muuzaji vipimo, na umtake ajibu kwa vipimo.

PESA ZA NANI?

Sasa nafika penye neno lenyewe. Matajiri wengine humwambia mfanya kazi, "Keria nunua wewe, ukiacha kazi utaondoka nayo." Maneno hayo yana utamu, lakini tuyapime. Keria hiyo inafungwa juu ya pikipiki ya tajiri, inabeba mali ya tajiri, inampelekea tajiri faida. Tungemwambia mpishi wa hoteli anunue sufuria kwa mshahara wake kwa sababu siku moja ataondoka nazo?

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri atoe na kutunza vyombo na njia za kazi zilizo salama. Sheria ya Ajira ya mwaka huohuo, katika kifungu cha 19, imetaja makato ambayo mwajiri anaruhusiwa kukata katika mshahara. Juu ya mali iliyoharibika, inasema ni kiasi cha haki, tena kwa uharibifu uliotokana na kosa la makusudi la mfanya kazi. Basi keria iliyokatika chini ya magunia ambayo nyapara mwenyewe aliamuru yapakiwe, kosa la makusudi la dereva liko wapi? Na mtu akiumia kazini, iko Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007, inayomtia mwajiri katika wajibu wa kulipa. Tajiri mwenye akili ataona kwamba keria imara ni bei ndogo kuliko mfanya kazi aliyevunjika.

Wako ndugu zetu wengine ambao hawana mshahara. Wao huchukua pikipiki ya mtu na kumpelekea pesa ya siku. Mwenye pikipiki husema, "Huyu si mfanya kazi wangu," naye mwendeshaji hubaki peke yake na gharama zote. Kwa hawa shauri langu ni kupatana kabla ya kununua. Keria huleta mizigo, na mizigo ndiyo inayohakikisha ile pesa ya siku. Kwa hiyo ni haki mwenye pikipiki alipe nusu kwa uchache, ikatwe kidogo kidogo katika pesa ya siku, na mapatano yaandikwe na kutiwa sahihi na wote wawili. Neno la mdomo husahauliwa siku pikipiki inaporudishwa.

KIDOLE KIMOJA HAKIVUNJI CHAWA

Wenye pikipiki zao wenyewe nao wasikilize. Mtu mmoja akienda kwa fundi, anauziwa bei ya mtu mmoja na chuma cha mtu mmoja. Lakini mabomba huuzwa kwa urefu wa mita 6. Tuseme keria ya kadiri inakula mita 3. Watu 10 wa kituo kimoja wanahitaji mita 30, yaani mabomba 5, na hakuna kipande kinachotupwa. Wakienda pamoja wananunua chuma wao wenyewe, wanajua ni geji gani, na fundi analipwa kazi yake tu.

Tena wana sauti. Wamwambie fundi atengeneze moja kwanza. Waifunge, waipakie, waendeshe siku chache katika barabara mbovu, kisha wakubali zile 9 zilizobaki. Wampe nusu ya pesa mwanzo na nusu baada ya kazi. Waandike kwamba kiungo kikiachana ndani ya miezi 3 fundi ataunga tena bila malipo. Mtu mmoja akiomba hayo hufukuzwa. Watu 10 wakiomba, huletewa viti wakae.

Wako watakaosema kwamba keria imara ni ghali. Tufanye hesabu ya mfano tu, kwa maana bei hubadilika. Keria ya shilingi 1,500 ikikatika baada ya miezi 6, umelipa shilingi 250 kila mwezi. Keria ya shilingi 3,000 ikidumu miaka 3, umelipa kama shilingi 83 kila mwezi. Ipi iliyo ghali? Na hapo hatujahesabu trei za mayai zilizomwagika barabarani siku ile nyepesi ilipokatika, wala hospitali.

TUNALOTAKA

Wazee wetu walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Anayepakia hausikii, anausikia aliye juu ya pikipiki. Kwa hiyo tusingoje huruma. Nawaomba makatibu wa matawi yenye wanachama wanaotumia pikipiki walete jambo hili katika mkutano, na katika mapatano yajayo na waajiri liandikwe neno kama hili: "Mwajiri atatoa keria iliyo imara kwa kila pikipiki ya kazi, ataitunza kwa gharama yake, na uzito wa juu wa mzigo utaandikwa kwa rangi juu ya keria yenyewe. Mfanya kazi hatalazimishwa kubeba zaidi ya uzito huo."

Yale maneno ya rangi ni ya maana kuliko yote. Hayatamgharimu tajiri zaidi ya brashi moja. Lakini siku nyapara anaposema, "Ongeza gunia jingine," mfanya kazi hatakuwa na haja ya kubishana naye. Atamwonyesha namba kwa kidole.

Na wakati tunangoja mapatano hayo, kila mmoja wetu leo jioni ashike spana, ainame nyuma ya pikipiki yake, ahesabu bolti na kuzikaza. Akikuta mbili tu mahali pa nne, amwambie tajiri kesho asubuhi kabla ya kupakia, na kama ni katika kazi ya kuajiriwa, amwambie mbele ya shahidi.

Ni mimi mwanachama mwenzenu.