Mashine ya Upepo: Tuinunue, Tuikodi au Tuiache?



Katika nyumba zetu nyingi yupo kijana aliyejifunza ufundi wa magari, naye huja kwa wazazi na ombi moja: anunuliwe kompresa, ile mashine ya upepo, apate kupaka rangi bampa, vioo vya pembeni na milango ya magari hapo hapo nyumbani. Ombi lenyewe ni jema, kwani mkono unaotafuta riziki haufai kuvunjwa moyo. Lakini aghalabu mama ndiye aliyezihifadhi fedha hizo, kwa mchango au kwa mchezo wa wiki baada ya wiki, na ni haki yake kujua anachokinunua. Twaona yapo maswali mawili: je, mashine itaiweza kazi? Na je, nyumba itaiweza mashine?

Tuanze na la kwanza. Wauzaji husifu ukubwa wa tangi na nguvu za mota. Wengine hutaja msukumo, yaani bar 8 au zaidi. Hayo si ya kutangulizwa. Bunduki ya rangi huhitaji msukumo wa bar 2 hivi tu, na karibu kila kompresa hufika hapo. Jambo kubwa ni wingi wa upepo ambao mashine hutoa kila dakika, mfululizo, bila kuchoka. Tena kuna hila katika maandishi: tarakimu kubwa iliyobandikwa ubavuni mara nyingi ni upepo unaomezwa na mashine, wala si unaotoka. Unaotoka huweza kupungua kwa theluthi nzima. Kijana na aulize dukani: inatoa lita ngapi kwa dakika?

Tupige hesabu. Tuchukue mashine ya nguvu-farasi 2 yenye tangi la lita 50, inayotoa lita 130 kwa dakika, na bunduki inayokula lita 200. Kila dakika pana upungufu wa lita 70. Tangi likishuka kutoka bar 8 hadi bar 3 litakuwa limetoa akiba ya lita 250. Basi hata mota ikikimbia tangu mwanzo, akiba hiyo itadumu dakika tatu na nusu hivi tu. Kwa kioo cha pembeni yatosha. Kwa boneti, upepo utafifia katikati ya kazi, na rangi itatua kwa vidonge kama ganda la chungwa. Bunduki kubwa za magereji hula zaidi, lita 300 na kupita. Kwa hiyo anza na bunduki: jua inakula kiasi gani, kisha tafuta mashine inayotoa kiasi hicho na nusu yake juu. Anayekusudia vipande vidogo tu na achague bunduki ndogo, naye atatosheka na mashine ndogo.

Sisi wa pwani tunalo la ziada, nalo ni unyevu. Upepo ukibanwa huacha maji ndani ya tangi, na tone moja likipita kwenye bunduki huharibu kazi ya siku nzima. Kichujio cha maji si pambo, ni lazima. Na kila jioni tangi lifunguliwe chini likamuliwe, kwani maji yakilala humo chuma hula kutu kwa ndani, mahali jicho lisipofika. Kwa sababu hiyo tangi kuukuu lililochomelewa viraka tusilinunue kwa bei yoyote ile. Likipasuka, hupasuka kama bomu.

Umeme nao una neno. Mota inapoanza huvuta umeme mara kadhaa kuliko inapokwisha kukimbia. Waya mwembamba wa kuunganishia hupata moto, na mota huungua. Jamaa walioko Ghuba wakitaka kutuletea mashine, watazame kibandiko kwanza: umeme wetu ni volti 240 na hezi 50, ilhali wa Saudia ni hezi 60.

Sasa swali la pili, ambalo kwetu ndilo zito. Rangi nyingi za magari za siku hizi, na kliya yake, huchanganywa na hadina. Ndani ya hadina mna kemikali ziitwazo isosianeti. Ukungu wake ukivutwa huweza kumletea mtu pumu, na aliyekwisha kudhurika huenda asistahimili hata kiasi kidogo maisha yake yote. Barakoa ya kitambaa haizuii kitu. Mafundi wanaojilinda vyema huvaa kifuniko cha uso kinacholetewa hewa safi kwa bomba kutoka nje. Mvuke wa thina nao ni mzito kuliko hewa: hutambaa chini, hufika jikoni, na jiko la makaa au cheche ya swichi yatosha kuuwasha.

Basi ua ulio katikati ya vyumba, ambamo watoto wanacheza na bibi anapumzika, si mahali pa hadina. Na jirani wa ukuta mmoja ana haki juu yetu, ya pua yake na ya masikio yake.

Rai yetu ni hii. Ikiwa ni kipande kimoja au viwili, rangi ya mkebe wa kupuliza itatosha, nje, penye upepo, watoto wakiwa mbali. Ikiwa ni kazi ya hadina, kijana akodi nafasi kwa fundi mwenye chumba cha rangi na vifaa vya kujilinda. Na ikiwa wateja wamethibiti na pahali mbali na makazi pamepatikana, hapo ndipo fedha ya mama itoke, na bei ya kifuniko cha uso ihesabiwe pamoja na bei ya mashine. Asiyeweza kununua vyote viwili na asubiri.